Kuyafuata Makaa Hadi Shimoni

Ukitaka kuyajua makaa ya mawe ya Ruvuma, usianzie mgodini. Anzia Mtwara, bandarini, kisha panda barabara kwenda juu huku ukipishana na malori yanayoyaleta. Anayeuona mgodi kwanza hudhani kila kitu kinaamuliwa na kilichomo ardhini. Anayeanzia gatini anajua mapema kwamba makaa ni mzigo kabla hayajawa madini, na mzigo huo una wenye haraka nao na wenye kuukimbia.

Bandari ya Mtwara niliyoizoea ilikuwa ya korosho. Msimu ukifunguka Oktoba mji unachangamka, magunia yanapanga foleni, vijana wa kupakia wanapata ajira. Msimu ukipita, gati linabaki na upepo. Mwishoni mwa 2021 meli zikaanza kupakia makaa. Mwaka uliofuata Urusi ikaivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku makaa ya Urusi kuanzia Agosti 2022, na wanunuzi wasiowahi kuisikia wilaya ya Mbinga, Ruvuma, wakaanza kupiga simu. Bei ya Newcastle, Australia, ambayo ndiyo kipimo cha dunia kwa makaa ya kuzalisha joto ya kilokalori 6,000 kwa kilo, ilivuka dola 400 kwa tani. Kwa bei hiyo, kuyachukua mawe Ruvuma na kuyasafirisha kwa lori zaidi ya kilomita 700 hadi baharini, jambo ambalo miaka michache nyuma lingeonekana wendawazimu, likawa biashara.

Vumbi jeusi na gunia la korosho havikai chumba kimoja. Malalamiko yalikuwa mengi, na serikali ikaamua bidhaa chafu kama makaa na saruji zijengewe bandari yake Kisiwa Mgao, kando kidogo ya mji. Nilipopita bandarini rundo lilikuwa limefunikwa turubai nusu, na kibarua mmoja alikuwa akijifuta uso kwa fulana ambayo yenyewe haikuwa na sehemu safi. Nilimwuliza kama korosho ina afadhali. Akacheka: "Korosho inakula mkono, makaa yanakula kifua. Chagua wewe, kaka." Mafuta ya ganda la korosho kweli huchubua mikono. La kifua nalo halihitaji daktari.

Barabara ya Masasi, Tunduru, Namtumbo hadi Songea sasa ni lami tupu, na bila lami hiyo habari hii isingekuwapo. Piga hesabu. Meli ya tani 60,000, ambayo kwa makaa si kubwa, inahitaji malori 2,000 yenye tani 30 kila moja. Malori hayo yanapita mjini Tunduru, kwenye vito na mama ntilie, na yanakatiza ushoroba wa Selous hadi Niassa ambao tembo wameutumia tangu zamani kuvuka kwenda Msumbiji. Dereva niliyekaa naye meza moja Tunduru, kwa wali na maharage, alisema mwaka wa bei nzuri hakuwa akilala; akishusha tu anageuza. Bei iliposhuka 2023, Newcastle ikaporomoka hadi chini ya dola 150, naye akaanza kulala hadi akachoka kulala. Lori ni la mkopo. Benki haiangalii Newcastle.

Songea nilipita haraka, nawaomba radhi Wangoni. Unatoka mjini, unaacha Peramiho na abasia yake ya Wabenedikto, na ukifika Kitai unaacha barabara kuu ya Mbinga na kushika ya Ruanda na Lituhi. Ruanda hii ni kata, wala huhitaji pasipoti. Hapo malori hayapishani tena na magari mengine. Magari mengine ndiyo yanayoyapisha. Majani ya kando ya njia yana rangi mbili: kijani juu, kijivu upande wa barabara.

Makaa ya huku, ya bonde la mto Ruhuhu, yanajulikana tangu Wajerumani. Mtafiti wao Wilhelm Bornhardt aliyapitia mwishoni mwa miaka ya 1890, na Waingereza walipoichukua Tanganyika mjiolojia wao Stockley akayaandikia ripoti iliyochapishwa 1932. Ni masalia ya mimea ya mabwawa ya enzi ya Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, bara hili lilipokuwa limeshikana na India na Australia. Bonde hilohilo, katika matabaka machanga zaidi ya Manda, ndiko mtafiti wa visukuku Parrington alikookota miaka ya 1930 mifupa iliyokaa kwenye makabati ya Uingereza hadi 2013, ilipopewa rasmi jina Nyasasaurus. Huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana. Natamani watoto wa shule za Nyasa na Mbinga wafundishwe hilo kabla ya kufundishwa tani ngapi zinachimbwa kwao.

Basi kwa muda wote huo kila mtu alijua makaa yapo, na hakuna aliyeyachimba kwa maana. TANCOAL, wakati huo kampuni ya ubia kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na Intra Energy ya Australia, ndiyo iliyoanza uchimbaji Ngaka, wilayani Mbinga, mwaka 2011. Kilichoiletea wateja si ubora wa jiwe bali karatasi: mwaka 2016 serikali ilizuia makaa kutoka nje, na viwanda vya saruji vilivyokuwa vinaagiza Afrika Kusini vikageuza shingo kuja Ruvuma. Kisha ikaja vita ya Ukraine. Waliokuja baadaye wakiwa na leseni zao wakakuta njia imeshasafishwa.

Mgodi niliokwenda kuuona ulikuwa mmoja wa hao waliokuja baadaye, nao ndiyo kwanza unafunguliwa. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa walionikaribisha walinikaribisha kwa wema na sitaki kuwaletea maneno. Langoni unapewa kofia ngumu, kizibao cha kung'aa na buti, unasomewa mambo ya usalama, unasaini. Mjiolojia aliyenipokea ni kijana wa Kitanzania, mpole, mwenye mazoea ya kuokota kila jiwe analopita karibu nalo. Hakunipeleka shimoni kwanza. Alinipeleka kwenye banda la mbao lenye masanduku marefu ya sampuli.

Hapa ndipo mgodi unapozaliwa, kwenye masanduku. Mtambo wa kuchoronga hushuka mita nyingi na kutoa mwamba ukiwa mche mmoja mviringo, unene wa mkono wa mtoto. Miche hiyo hupangwa kwa kina chake: mchangatope mwekundu, mfinyanzi wa kijivu, mchanga mgumu, tena kijivu, halafu ghafla nyeusi. Kijana alimwagia maji kipande cheusi ili nione mistari: mingine inameta, mingine imefifia. Inayometa ina ubao mwingi wa zamani, iliyofifia mara nyingi ina majivu zaidi. Majivu ndiyo adui. Mnunuzi wa kiwanda cha saruji anapima joto, majivu, unyevu na salfa; joto likipungua, au kimoja cha hivyo vingine kikizidi, bei inashuka. Aligusa sehemu ambapo nyeusi ilikatizwa na ukanda wa udongo usiozidi kiganja. "Huu ndio unaotunyima usingizi," alisema. Kijiko cha mashine hakiwezi kuutenga ukanda mwembamba namna hiyo. Unaingia pamoja na makaa, na kiwandani unaitwa majivu.

Swali la pili ni kifusi. Katika mgodi wa wazi huchimbi makaa. Unachimba kilicho juu ya makaa, na makaa unayachota mwishoni. Wahandisi wanapima ni mita za ujazo ngapi za mwamba zitaondolewa kwa kila tani moja ya makaa. Uwiano ukiwa nne kwa moja, tani 1,000 za makaa zinakudai mita za ujazo 4,000 za mwamba, na kila mita hiyo imelipuliwa, imebebwa na imemwagwa mahali kwa dizeli. Matabaka haya yamelala kwa mshazari. Yanapojitokeza mlimani kifusi ni kidogo. Kadiri unavyoyafuata kwenda ndani kifusi kinaongezeka, mpaka mahali fulani hesabu inakataa. Mahali hapo panasogea na bei. Soko likiwa dola 400, shimo linaweza kuingia chini sana. Likiwa chini ya 150, ukuta unasimama mapema na makaa yaliyo nyuma yake yanabaki kuwa mawe. Kwa hiyo mtu akikuambia eneo lina tani milioni kadhaa, mwulize: kwa bei gani?

Shimo lenyewe nilipoliona lilikuwa bado dogo kuliko nilivyowaza. Ngazi mbili zilizokatwa mlimani, ya tatu inaanza. Buldoza lilikuwa limekwangua udongo wa juu na kuulundika pembeni, na kibao kimechomekwa kwenye rundo kuonyesha kwamba ni udongo wa kurudishia. Lile rundo nililikagua kwa macho muda mrefu kuliko shimo. Majani yalishaanza kuota juu yake, dalili njema, lakini upande mmoja mvua ilikuwa imechora mifereji na udongo mweusi umeteremka hadi mtaroni. Udongo wa juu ni mali ya mgodi isiyoagizwa kutoka nje, na ndiyo inayotunzwa kama takataka.

Anayetaka kumwona bingwa wa udongo wa juu arudi barabara kuu aende Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo. Huko mlima mkali unalimwa kwa ngolo: nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayopishana, zikafukiwa kwa udongo, vishimo vikabaki katikati kama sega la nyuki. Mvua ikija, maji yanatuama kwenye vishimo badala ya kukimbia na shamba. Maharage hutangulia, mahindi hufuata, nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea. Wazee hawa wamechimba mashimo vizazi na vizazi na mlima wao bado upo. Sijui kama kuna mhandisi wa mgodi aliyewahi kuwaalika wamfundishe kushika udongo kwenye mteremko wa kifusi. Nilimtajia kijana wangu wa masanduku. Akasema wazo zuri, akaandika.

Saa za kulipua zinatangazwa kwa king'ora na bendera nyekundu. Tulisogezwa mbali, tukasubiri, ardhi ikatikisa magoti kabla masikio hayajasikia, halafu vumbi likapanda taratibu, kahawia. Boza la maji likaanza kazi yake. Makaa yenyewe hayahitaji vishindo vingi. Kijiko kinayachota, tipa linayapeleka kwenye mashine ya kuponda, yanachekechwa, yanalazwa yadi. Yadi nako kuna hila. Rundo lililolegea linavuta hewa, linapata joto lenyewe, na siku moja asubuhi linatoa moshi bila aliyeliwasha. Nilinusa harufu ya kiberiti kabla sijaona kitu. Msimamizi akaonyesha mahali ambapo katapila lilikuwa linakanyagakanyaga rundo ili hewa itoke.

Kijijini, upande wa pili wa kilima, kazi nyingine ilikuwa inaendelea, nayo ndiyo iliyonikalisha. Mthamini na wasaidizi wake walikuwa wanahesabu mali za watakaohamishwa. Kila mti unaandikwa, kila chumba kinapimwa, namba inapakwa rangi nyekundu ukutani. Tulimkuta mzee mmoja kivulini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipisha kwenye benchi na kuendelea na ubishi wake. Mwembe wake ulikuwa umeandikwa kuwa mmoja. Yeye akidai ni miwili, kwa kuwa shina liligawanyika tangu ukiwa mche na upande mmoja huzaa mapema kuliko mwingine. Mthamini, kijana mstaarabu, akaeleza jedwali linasema nini. "Mwanangu," mzee akamwambia, "jedwali lako limewahi kula embe la mti huu?" Watu wakacheka. Mwembe ukabaki mmoja.

Makaburi yalikuwa ajenda ya jioni. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969, ina utaratibu wake, na familia ina haki ya kushirikishwa. Lakini utaratibu haujibu swali la mama mmoja aliyeuliza kwa sauti ya chini watajuaje mifupa ya mwanawe, aliyezikwa bila msalaba wa saruji.

Nawaeleza haya kwa kuwa fidia ndiyo sehemu ya mgodi inayochelewa bila mashine kuharibika. Ng'ambo ya Ruhuhu, wilayani Ludewa, ziko Mchuchuma yenye makaa tani milioni 428 na Liganga yenye chuma tani milioni 126. Mkataba kati ya NDC na Sichuan Hongda ya China ulisainiwa Septemba 2011, mradi wa dola bilioni 3, na ndani yake umeme wa megawati 600. Watu wa Nkomang'ombe na Mundindi waliambiwa maeneo yao yametwaliwa. Fidia, zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa watu zaidi ya elfu moja, ilianza kulipwa 2023. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mkataba alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Katika miaka hiyo yote, nani anapanda mti wa kudumu kwenye shamba lililoandikwa?

Faida zipo, nisizifiche. Halmashauri inapata ushuru wa huduma kutokana na mauzo, serikali kuu inapata mrabaha, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2017 ina hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Wajibu wa kampuni kwa jamii nao umo ndani ya sheria, si hisani. Ruanda nimeona nyumba za bati jipya, vyumba vya kupanga, bodaboda wengi kuliko kata nyingine za ukubwa wake, na chapati zinazoisha saa mbili asubuhi. Kodi ya chumba imepanda, mwalimu mmoja alinilalamikia, na lori likisimama wiki mbili chapati zinabaki.

Kutoka hapo nilishuka hadi ziwani, Ndumbi, ambako Mamlaka ya Bandari imejenga gati kwa ajili ya makaa. Maji ya eneo hili huishia mto Ruhuhu, na Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa karibu na Manda. Shimo la makaa hukusanya maji. Yakipita kwenye mwamba wenye salfa na hewa, yanaweza kuwa makali, yakabeba chuma na metali nyingine. Kwa hiyo hujengewa mabwawa ya kutuliza na kupimwa kabla ya kuachiwa. Mbasa, samaki anayeliwa sana huku, hupanda Ruhuhu kwenda kutaga. Mvuvi aliyenipimia samaki wa jioni hakuwa amewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kuna bwawa la kutuliza maji huko juu, wala apige simu kwa nani akiona mto umebadilika rangi.

Kuna watakaoniuliza kwa nini tuchimbe kabisa, dunia inapoukimbia moshi huu. Swali ni halali. Wakenya walikuwa na mpango wa makaa ya bonde la Mui, Kitui, na mtambo wa umeme Lamu. Mwaka 2019 baraza la mazingira likafuta leseni ya mtambo, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sisi umeme wetu mkubwa unatoka Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Makaa yetu yanachomwa kwenye tanuri za saruji, na mengine yanaondoka kwenye meli za watu. Kwa tanuri za saruji sina ugomvi sana, maana bila saruji hakuna zahanati wala darasa, na makaa ya Mbinga ni afadhali kuliko kuyaagiza Afrika Kusini. Mashimo yanayofunguliwa kwa kutegemea bei ya vita ya mbali ndiyo yanayonitia wasiwasi. Hayo hufunguliwa mbio, na bei ikianguka huachwa mbio zaidi.

Sheria yetu inamtaka mwenye mgodi awe na mpango wa kuufunga na aweke dhamana ya kurekebisha mazingira. Pale nilipotembelea niliomba kuuona. Niliambiwa upo, uko makao makuu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa hajawahi kuuona. Alichowahi kuona ni karatasi ya mahudhurio ya mkutano wa wataalamu wa mazingira, aliyoisaini pamoja na wenzake baada ya soda, na ambayo sasa imeambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba kijiji kilishirikishwa.

Neno langu, basi, ni kwa wenyeviti na watendaji wa vijiji vya Mbinga, Nyasa na Ludewa ambako mashimo mapya yanapimwa sasa hivi. Kanuni zinataka ripoti ya athari kwa mazingira iwe na muhtasari wa Kiswahili: uombeni, usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, sura ya kufunga mgodi ianze. Ulizeni dhamana ni kiasi gani na imewekwa wapi, udongo wa juu utalala wapi na kwa miaka mingapi, na nani atapima maji mashine zikiondoka. Ulizeni kabla ya kusaini chochote, hata mahudhurio. Kifusi cha kwanza kikishaondolewa, hakuna atakayerudi kuwauliza ninyi.